Kitendawili Kirefu: Riwaya za Kumpa Mtoto wa Skuli

Mzazi anapomnunulia mwanawe kitabu cha hadithi, aghalabu swali la kwanza analomuuliza muuza vitabu ni hili: kinafundisha nini? Mwalimu naye huuliza hivyo hivyo, na wanaochagua vitabu vya kusomwa madarasani huuliza hivyo kwa maneno marefu zaidi. Swali si baya. Lakini liko jingine linalopaswa kulitangulia, nalo ni nadra kulisikia: je, mtoto atakimaliza? Kitabu kisichomalizwa hakimfai aliyekiacha, hata kama kila ukurasa wake umejaa hekima. Makala haya yanakusudia kulitetea swali hilo la pili, kisha kutaja riwaya chache za Kiswahili ambazo, kwa maoni yangu, mtoto wa baina ya miaka 11 na 15 akizifungua hatakubali kuzifunga kabla ya kujua mwisho wake.

Umri huo nimeuchagua kwa makusudi. Huu ndio wakati mtoto anapomaliza skuli ya msingi na kuingia sekondari. Kabla yake alisoma vijitabu vyenye picha, na mtu mzima alikaa karibu naye. Baada yake kutakuwa na mitihani, na kusoma kutakuwa kazi ya kutafutia alama. Hapo katikati pana miaka michache tu ambamo msomaji huzaliwa au hupotea. Na sisi tuna shida yetu wenyewe: mtoto huyo akifika sekondari, masomo mengi atayasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili kitabaki kipindi kimoja miongoni mwa vingi. Ikiwa hakupata kuonja ladha ya kitabu kizima cha Kiswahili kabla ya hapo, ataipata wapi? Ataijua lugha ya mama yake kwa kuizungumza, lakini hatapata kujua kwamba lugha hiyo hiyo yaweza kumkesha.

Wako wanaodhani kwamba taharuki katika riwaya ni mbinu ya rahisi, hila ya mwandishi asiye na la maana la kusema. Dhana hiyo haina asili katika jadi yetu. Bibi zetu waliijua taharuki kabla ya neno hilo kuingia katika istilahi za uhakiki. Tazama kitendawili. Mwenye kutega hutega, wasikilizaji hukisia, hukosea, hukisia tena, na wakishindwa hudaiwa mji. Hapewi jibu mtu ambaye hakujaribu. Na jibu lenyewe, likisha kutolewa, huwafanya wote wacheke kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo. Hiyo ndiyo taharuki iliyo bora: swali lililotegwa kwa uaminifu, muda wa kufikiri, na jawabu linalostahiki kungojewa. Riwaya ya kusisimua, ikiwa njema, ni kitendawili kirefu. Nayo hufundisha jambo ambalo hotuba haiwezi kulifundisha, yaani kuvumilia kutojua, na kuzipima ishara kabla ya kuhukumu.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kutajwa hana budi kuwa mwana wa visiwa hivi, Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya uandishi wa magazeti hapa Unguja, na kwa miaka kadhaa alikuwa mhariri wa Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Baada yake zilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na nyenginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia katika mikono yake.

Kila anayeandika juu yake husema kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, ni mtoto wa Sherlock Holmes. Ni kweli, na si aibu. Lakini wanaoishia hapo hawajamwona vyema. Holmes anaishi katika mji mkubwa wa wageni wasiojuana. Bwana Msa anaishi kisiwani, ambako kila mtu ni jamaa ya mtu, na ambako siri haifichwi nyuma ya mlango uliofungwa bali ndani ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani alioa wapi, jina hili lilikuwa nani kabla ya kuwa hili. Mtoto wa Unguja au wa Pemba anayafahamu mambo hayo. Ameyasikia uani, watu wazima wakinong'ona. Riwaya inampa nafasi ya kuyafuatilia bila ya kufukuzwa.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale mtu anakutwa ameuawa mahali panapoogopwa, na watu wana jawabu tayari: ni mzimu. Hapo ndipo ulipo uhodari wa kitabu. Mwandishi haanzi kwa kuwakejeli wanaoamini, wala hatoi mawaidha juu ya ushirikina. Anaiacha hofu isimame, hata msomaji mwenyewe ahisi baridi ya mahali hapo. Kisha anamleta mtu mmoja mpole anayeuliza maswali madogo madogo. Kurasa zinavyokwenda, hofu inapungua na udadisi unaongezeka. Msomaji anagundua kwamba mkono uliofanya kazi ile ni mkono wa mwanadamu, mwenye sababu za kibinadamu. Kisima cha Giningi nacho kimechukua jina la mahali ambapo, katika imani za visiwa vyetu, wachawi hukutana, na kinaendelea na mapambano yale yale baina ya uvumi na ushahidi. Nani anahitaji funzo hilo zaidi kuliko mtoto wa leo, ambaye uvumi humfikia kwa simu kila asubuhi?

Sisemi kwamba vitabu hivi havina kasoro. Bwana Msa hupenda kuzungumza, na sura za mwisho, ambamo anaeleza alivyogundua, zaweza kumchosha msomaji mwenye pupa. Si kila mara anayoyajua yeye huonyeshwa msomaji kwa wakati wake, na hapo kitendawili huvunja masharti yake. Wanawake wengi ndani ya riwaya hizi wamechorwa kama sababu ya fitina zaidi kuliko kama watu. Mwalimu hana haja ya kuyaficha hayo. Ayaache yazungumzwe baada ya kusoma. Lakini Kiswahili chake ni kile ambacho hakuna kamusi inayoweza kukitoa: chepesi, chenye masikhara, chenye methali zinazotumika kazini na si kwa mapambo. Mtoto wa miaka 12 au 13 aanze na Mzimu, kisha Kisima. Hivyo vyengine atavitafuta mwenyewe.

Kwa aliye mdogo zaidi, wa miaka 11 hivi, nampendekezea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Wengi watashangaa kulikuta jina la Shaaban Robert katika makala juu ya taharuki, kwani tumezoea kumwendea kama tunavyokwenda kwenye hotuba. Tukumbuke lakini namna anavyoanza kutega. Mjumbe wa mfalme anafika kwa liwali mmoja anayesifiwa kwa wema na uadilifu. Usiku anagundua kwamba mwenyeji wake anawachapa mijeledi manyani wawili. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Kwa nini mtu mwema afanye ukatili huu, tena kwa siri? Hakuna mtoto atakayelala kabla ya kulijua jawabu, na jawabu lenyewe linapita baharini, katika miji ya ajabu na katika husuda ya ndugu wa damu. Ni kweli kwamba majina ya wahusika yanatangaza tabia zao mapema mno: ukishaambiwa kwamba ndugu mmoja anaitwa Hasidi, hutarajii wema kutoka kwake. Lakini kitabu ni kifupi, na swali lake la kwanza lina nguvu ya kukivusha. Kusadikika, iliyotangulia mwaka 1951, ningeiweka kando mpaka kidato cha pili. Kesi ya Karama ina ladha yake, ila inamtaka msomaji aliyekwisha kuanza kujiuliza serikali ni nini na sheria ni ya nani.

Kitabu cha tatu si chetu kwa asili. Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883, kilifanywa Kiswahili na Frederick Johnson mwishoni mwa miaka ya 1920, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikutana na riwaya kwa mara ya kwanza humo. Kiswahili chake kimechakaa mahali mahali, na kazi hii inastahiki mfasiri mpya, ikiwezekana mtu anayezijua istilahi za jahazi. Hata hivyo, nakitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo waandishi wetu wa vitabu vya watoto wangefaa kulisoma kwa makini. Kijana Jim amejificha ndani ya pipa la matofaa, na kutoka humo anasikia njama ya mauaji ikipangwa na mtu aliyemdhania rafiki. Kwa muda ule, mtoto anajua jambo ambalo wakubwa wote chomboni hawalijui, na maisha yao yamo mikononi mwake. Hiyo ndiyo ndoto ya siri ya kila mtoto wa umri huu: kuwa na jambo zito la kulibeba. Naye Silver, haramia wa mguu mmoja, ni muuaji na ni mpenda watu kwa wakati mmoja. Msomaji hawezi kuamua amwogope au ampende, na katika kutoamua kwake anajifunza juu ya wanadamu zaidi ya anavyoweza kujifunza kwa Hasidi.

Cha nne ni Siku Njema ya Ken Walibora, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2020. Riwaya hii ilitoka mwaka 1996 na kusomwa sana katika skuli za nchi yake. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama yake, anaonja manyanyaso ya malezi ya watu, kisha anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Hapa taharuki si ya mauaji. Ni swali moja tu, tena la zamani kuliko yote: mimi ni nani, na nani wangu? Walibora analisimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa Kiswahili cha kujitapa kidogo, kama cha kijana aliyejua kwamba lugha ndiyo mali pekee aliyoirithi. Wahakiki wamelalamika kwamba bahati ina mkono mrefu mno katika hadithi hii, na watu hukutana panapotakiwa wakutane. Lalamiko ni la haki. Mtoto wa miaka 13 hatalijali, na hana sababu ya kulijali. Atalijali atakaporudia kukisoma akiwa na miaka 25, na hiyo nayo ni faida.

Kwa walio katika kidato cha pili, ambao miguu yao imekwisha kupata nguvu, viko viwili vyengine. Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inamfuata Rashidi, kijana aliyerithi kazi ya ukuli bandarini, hadi kwenye mgomo mkubwa wa Unguja wa mwaka 1948. Sehemu za mwisho zinaelemea kwenye hotuba, lakini bandari ile, magunia yale na hatari ile ya kila siku zinamshika msomaji shingo. Cha pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita ami, asijue kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Msomaji anafahamu kabla ya Yusuf, na tafauti hiyo baina ya anayosoma na anayejua ndiyo inayouma. Kuna mambo ya watu wazima ndani yake, kwa hiyo nisingempa aliye chini ya miaka 15, na ningependa mzazi awe amekisoma kwanza. Lakini mtoto aliyeanzia kwa Bwana Msa na kufika kwa Yusuf amevuka bahari.

Hapana shaka nitaulizwa juu ya Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba na Joram Kiango waliwafanya vijana wengi wa miaka ya 1970 na 1980 wasome usiku kucha, na mhakiki anayewadharau kwa kuwaita waandishi wa fasihi pendwa, kisha akanyamaza, hajafanya kazi yake. Waandishi hawa walijua kukikimbiza kisa. Pingamizi yangu si kwamba vitabu vyao vinapendwa. Ni kwamba, katika vingi vyao, maiti ni nyingi na kila moja ni nyepesi. Mtu huanguka, na kisa hupita juu yake bila ya kugeuka. Kwa Bwana Msa kifo kimoja kinatosha kitabu kizima, kwa sababu kinahesabiwa kuwa ni jambo kubwa linalodai maelezo. Mtoto wa miaka 12 ajifunze kwanza uzito huo. Akifika miaka 16, na amsome Willy Gamba kwa furaha yake.

Sasa tuje kwenye lililo zito. Orodha kama hii si lolote ikiwa skuli itaendelea kuifanya riwaya kuwa mzoga wa kupasuliwa. Tunajua yanayotokea. Kitabu kinateuliwa, mtoto anaambiwa ataje dhamira tatu, mbinu nne za kisanaa na mhusika mmoja wa kuigwa, na madukani vinauzwa vijitabu vya uchambuzi vyenye majibu yote hayo. Mwanafunzi mwerevu hununua uchambuzi na kuiacha riwaya. Hana makosa: ameulizwa maswali yasiyohitaji kusoma. Kitendawili kimetegwa na jibu limeandikwa ubaoni kabla yake, na mji umetolewa bure.

Dawa yake si ghali. Mwalimu na asome sura ya kwanza ya Mzimu kwa sauti mbele ya darasa, asimame pale panaposhika, na akifunge kitabu. Asiulize dhamira. Aulize: mnadhani ni nani? Na ayaandike majibu yao, ili baada ya wiki mbili warudi kuona nani alikisia sawa na kwa ishara zipi. Hilo ni somo la fasihi na la mantiki kwa pamoja, tena bila ya mtihani. Na aingie katika maktaba ya skuli yake, kama iko, ahesabu kwa kidole nakala za Muhammed Said Abdulla zilizomo. Nahofia hesabu hiyo haitamchosha. Wachapishaji wetu, wenye haki za vitabu hivi, na Wizara wana jambo la kuzungumza hapo. Mwandishi aliyezaliwa Makunduchi hapaswi kuwa rahisi kupatikana katika maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya kuliko katika skuli ya Makunduchi.

Wala tusijidanganye kwamba vitabu vya zamani vitatosha. Bwana Msa hakuwahi kushika simu ya mkononi. Yuko mtoto wa leo anayengoja kupewa kitendawili cha mji wake mwenyewe, chenye hoteli za watalii pwani, viwanja vinavyouzwa mara mbili, na ndugu aliyepanda boti kwenda Bara asirudi. Anayeweza kumwandikia mtoto huyo kurasa 100 asizoweza kuziacha, bila ya kumsomea mawaidha hata kwenye ukurasa mmoja, atakuwa amekifanyia Kiswahili wema kuliko makongamano mengi. Kwa sasa vipo hivi nilivyovitaja. Mtafutieni kimoja, mwachieni apate muda wa kukisoma peke yake, na msimuulize kimemfundisha nini mpaka yeye mwenyewe aje na kitabu mkononi kuwaeleza kilivyokwisha.